Nauli ya Mzigo ni Amana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara, na watu wale wale aliokuwa akiuziana nao ndio waliomwita Mwaminifu.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, ada yetu katika karatasi hii ni kuwaonya wengine. Mwezi huu yatupasa tuanze na nafsi zetu, kwani aibu tutakayoitaja imetokea ndani ya darasa letu wenyewe, na asiyeweza kufagia ukumbi wake hana haki ya kusema juu ya uwanja wa jirani.

Wengi wenu mwajua kwamba darasa letu huuza juzuu, kofia, kanzu na mabuibui ya watoto ili kupata fedha za kuendeshea chuo. Zamani tuliuza mlangoni baada ya sala ya Ijumaa. Siku hizi twauza kwa simu: picha huwekwa mtandaoni, mnunuzi huchagua, hutuma pesa kwa M-Pesa, nasi hutia mzigo katika basi. Hii ni neema kubwa. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mtu aliye mbali na mji aweza kununua kitu cha Mombasa bila ya kupoteza siku mbili za safari. Lakini kila neema ina mlango wa fitina, nasi tumeuingia.

Ulitujia waraka kutoka Mautuma, katika Lugari, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, nchi ya wakulima wa mahindi ambako Waislamu si wengi. Aliyeandika ni dada yetu mmoja asomeshaye watoto Qur'ani. Alikuwa amenunua kwetu vitu vya namna tatu: juzuu, kofia na mabuibui. Bei yake aliilipa yote bila ya kusita. Kisha akaambiwa kuwa nauli ni shilingi 250 kwa kila namna, akatuma shilingi 750. Akaambiwa aongeze shilingi 50 "za kutolea", akatuma. Na baada ya kwisha kulipa yote hayo, akaambiwa kuwa zimebaki shilingi 150 za kufungia mzigo, na zisipokuja, mzigo hautoki. Akatuma nazo, kwani angefanya nini? Pesa zake zilikuwa zimeshaingia mkononi mwetu.

Mzigo ulipofika, ulikuwa gunia moja tu. Stakabadhi ya basi ilikuwa imebandikwa juu yake, na iliandikwa shilingi 400. Gunia lenyewe lilikuwa kuukuu, la mchele. Dada yetu akaandika kwa adabu akiuliza zilikokwenda zile nyingine. Hakujibiwa kwa siku tisa.

Ndugu zetu, tumezihesabu. Katika nauli zilibaki shilingi 350. Za kutolea hazikutolewa kwa wakala, kwani pesa zile tulimlipia mshoni kutoka katika simu hiyo hiyo. Na gunia tulipewa bure dukani. Jumla ni shilingi 550. Tulipomwuliza ndugu yetu aliyekuwa akishika kazi hiyo, alitujibu kwa moyo mweupe kwamba hakula hata senti moja. Zote alizitia katika sanduku la chuo, tena zimekwisha nunua chokaa ya ukuta. Hapo ndipo tulipoona kuwa ugonjwa ni mkubwa kuliko wizi. Mwizi hujua kuwa ameiba, lakini huyu alidhani kuwa amefanya ibada.

Basi na tuyatazame mambo haya kwa mizani ya sheria, moja baada ya jingine.

La kwanza ni nauli. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu ametukataza kulana mali zetu kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Sasa mnunuzi ameridhia nini? Ukimwambia kuwa kofia hii, mpaka ikufikie kwako, ni shilingi 600, naye akakubali, hiyo ndiyo bei. Ukipata basi la rahisi, tofauti ni faida yako, wala hapana wa kukulaumu. Lakini ukimwambia kuwa kofia ni shilingi 350 na nauli ni shilingi 250, umetaja mambo mawili. Kofia umemwuzia. Nauli hukumwuzia, kwani wewe huna basi. Amekupa umlipie mwenye basi, nawe umekuwa wakili wake. Mali iliyo mkononi mwa wakili ni amana, na kinachobaki katika amana hurudi kwa mwenyewe. Mtoto ukimtuma dukani na shilingi 100 akanunua sukari ya shilingi 80, akakaa kimya na ile ishirini, utamwitaje? Basi na mtu mzima mwenye ndevu asijitafutie jina jingine.

Na vitu vitatu vikifungwa pamoja, nauli ni ya mzigo mmoja. Kumtoza mtu nauli tatu kwa gunia moja ni kumwuzia safari mbili ambazo hazikuwapo.

La pili ni hizo za kutolea. Maneno haya yameenea mpaka watu wameyaona kuwa ni sheria: tuma na ya kutolea. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi walikwisha kugawanya gharama kwa uadilifu kabla ya simu kujulikana. Wamesema kuwa ujira wa mpimaji wa bidhaa ni juu ya muuzaji, kwani ndiye mwenye wajibu wa kuikabidhi, na ujira wa kupima fedha ya bei ni juu ya mnunuzi, kwani ndiye mwenye wajibu wa kuilipa. Kila mmoja hubeba gharama ya kukabidhi kilicho chake. Kwa kipimo hiki twaona kuwa ada ya kutuma pesa ni ya mnunuzi. Pesa zikishaingia katika simu ya muuzaji, zimekabidhiwa, na akitaka kuzigeuza noti, hiyo ni haja yake. Akitaka kumshurutisha mnunuzi azibebe, na aseme kabla ya kukubaliana, tena azitoe kweli. Ama kuzitoza na kuziacha mfukoni ni uwongo uliovaa nguo ya ada.

Wala tusisahau kwamba mnyonge ameshabebeshwa mzigo wa kutosha. Kampuni yachukua ada yake, na serikali yatoza ushuru juu ya ada hiyo, ushuru ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka 12 hadi 15 kwa mia. Je, na Muislamu mwenziwe asimame mwisho wa safu achukue chake pasipo haki?

La tatu, nalo ndilo zito zaidi, ni malipo ya kulazimishwa. Kutaka bei yote kabla ya kupeleka mali si haramu kwa asili yake. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa tende za mwaka mmoja na miwili. Hakuwakataza, bali aliwaamrisha kuwa kipimo kiwe maalumu, uzani uwe maalumu na muda uwe maalumu, kama alivyopokea Ibn Abbas. Hii ndiyo biashara ya salamu, na ruhusa hii imefungwa na kuwekana wazi. Leo mtu hulipa mapema hali hajui kitu kitatoka lini, wala nauli ni kiasi gani, kisha gharama humfuata nyuma kama siafu, mmoja mmoja. Kumwambia mtu aongeze, au mali yake haitoki, baada ya kwisha kulipa, si biashara ya kuridhiana. Pesa aliyoitoa kwa kuogopa kupoteza pesa nyingine hakuitoa kwa ridhaa, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mali ya mtu haihalaliki ila kwa kuridhia nafsi yake.

Vivyo hivyo katika arbuni, hizo pesa za kushikia mali ambazo muuzaji huzila mnunuzi akighairi. Katika madhehebu yetu haifai. Katika madhehebu ya Imamu Ahmad yajuzu, kwa kutegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya katika zama za Sayyidna Umar. Anayetaka kuishika ruhusa hiyo na amweleze mnunuzi tangu mwanzo, si siku ya ugomvi.

Wengine watasema: biashara ni biashara, na kila mtu hufanya hivyo. Twajibu kuwa watu wa Madyan nao walifanya hivyo wote, na wingi wao haukuwafaa kitu. Wengine watasema: pesa zimekwenda katika kheri. Twajibu kuwa Mwenyezi Mungu ni mwema wala hapokei ila kilicho chema, kama ilivyothubutu katika Hadithi. Ukuta wa chuo uliopakwa chokaa ya mali ya mtu hauwi mweupe mbele ya Mola wake. Na wengine watasema: ni shilingi 550 tu. Lakini Suratul-Mutaffifin haikuteremka juu ya majambazi wa barabarani. Imeteremka juu ya wapunjao kipimo, na kinachopunjwa katika kipimo huwa ni kidogo. Tunaangalia kwa makini tone la maji lililokosa kufika kisiginoni katika udhu, wala hatuangalii shilingi ya mtu iliyofika mfukoni mwetu.

Tena yatupasa sisi watu wa pwani tukumbuke jambo jingine. Uislamu ulifikaje Kakamega? Wafanyabiashara wa Kiswahili walifika Mumias pamoja na misafara, katika zama za Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Walikwenda na nguo na shanga, na dini ikaota huko mpaka leo. Wenyeji waliitazama dini katika namna watu hawa walivyouza na kununua. Dada yetu wa Mautuma ametwambia kuwa pesa alizotutumia zilichangwa na wazazi wa watoto, baada ya kuuza mahindi. Alipoulizwa hesabu hakuwa na la kujibu, na mzee mmoja akasema, kumbe hawa ndio Waislamu wa Mombasa. Neno hilo, ndugu zetu, halilipiki kwa shilingi 550.

Hata sheria ya nchi imetutangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari zimpasazo ili afaidike na anachonunua, na mwaka 2012 ikatungwa Sheria ya Kulinda Watumiaji. Ni haya kwetu kwamba tukumbushwe na serikali jambo ambalo Qur'ani imetufundisha zaidi ya miaka elfu na mia tatu iliyopita.

Ama wanunuzi, nao wasidhani kuwa wameokoka. Wako waagizao mali ya kulipwa ikifika, kisha dereva wa bodaboda akifika mlangoni simu zimezimwa. Wako wapokeao mzigo kisha wakaomba pesa zirudishwe, wakidai kuwa walizituma kwa makosa. Huo ni wizi mtupu. Mtume (S.A.W.) amesema juu ya wawili wauzianao, wote wawili, kuwa wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo baraka hufutwa.

Basi tumeazimia haya, nasi twawausia wenzetu wote wauzao kwa simu. Jumla yote itajwe kabla ya senti kutumwa. Vitu vingi katika mzigo mmoja ni nauli moja. Stakabadhi ya basi ipigwe picha na kupelekwa kwa mnunuzi, na kilichobaki kirudishwe siku ile ile. Wala gharama mpya isizuliwe baada ya malipo.

Dada yetu wa Mautuma tumemrudishia shilingi zake 550 pamoja na ada ya kuzituma, tukamwomba radhi, yeye na wale wazazi, naye amesamehe. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa kutuonya, kwani angaliweza kunyamaza na kununua kwingine. Kisha tukafungua daftari letu, tukawakuta wanunuzi kumi na saba waliotozwa kama yeye. Kumi na mmoja tumewarudishia. Sita hawapatikani kwa namba walizotuachia. Yeyote aliyenunua kwetu mwaka huu vitu vya namna mbili au zaidi na akalipa nauli zaidi ya moja, na aje baada ya sala ya Ijumaa, au apige simu, achukue haki yake, wala asione haya, kwani haya ni juu yetu. Wasiopatikana tutawangoja mwaka mzima, kisha tutaitoa sadaka kwa niaba yao, thawabu iwe yao na deni libaki juu yetu siku watakapotokea.

Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, wala usitujaalie kuwa kizuizi kati ya waja wako na dini yako. Amin.