Kuku Mgeni Bandani

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ukifuga bantamu, wale kuku wadogo, utakubaliana nao. Udogo wao usikudanganye: kila mtetea anamjua wa kumdonoa na wa kumpisha. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza ngazi hiyo ya ukubwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Basi usimtupe mgeni katikati yao. Kwanza mtenge mbali wiki 3 hadi 4, maana mdondo unaweza kuingia na kuku anayeonekana mzima kabisa. Kisha weka wavu wa waya kati yake na wenyeji, waonane na kula wakiwa jirani. Utamwona mwenyeji akisimamisha manyoya ya shingo, akinyoosha kichwa juu, jicho halibanduki kwa mgeni. Mwache. Ongeza vyombo vya maji na chakula, na walete wageni wawili pamoja, wenye umbo linalolingana na wenyeji. Mmoja peke yake huonewa mno, na huo ni ukatili tunaoweza kuuzuia. Ugomvi kidogo hauepukiki. Ila ukiona kuku mwenye damu kichwani, mtoe mara moja, kwani kuku wakiona wekundu hawaachi kudonoa.