Marefu Yasiyo na Ncha

Wahenga walisema hapana marefu yasiyo na ncha. Methali hiyo ilisimama imara mpaka ulipozuka ukurasa wa tovuti ambao msomaji huuteremsha kwa kidole wala asiufikie mwisho wake. Je, aliyeiondoa ncha amemzidishia msomaji uhuru, au amempunguzia?

Urefu wenyewe si jambo geni. Kabla ya kitabu palikuwapo gombo la mafunjo, lililokunjuliwa upande mmoja na kukunjwa upande wa pili. Katika karne za mwanzo za Miladi kitabu cha kurasa zilizoshonwa kililishinda gombo polepole, kwani msomaji aliweza kufungua mahali apatakapo na kurejea alikotoka. Ukurasa ukawa kipimo cha pumzi. Wanakili wa miswada ya Kiarabu walizoea kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa ufuatao, ili mpango usipotee. Msahafu uligawanywa juzuu 30, na ndani ya aya zikatiwa alama za pa kusita na pa kuendelea. Mshairi wa Kiswahili naye huufunga ubeti kwa kituo, na utenzi, ujapokuwa mrefu, hufika tamati.

Skrini imelirudisha gombo. Ilipotoka simu ya iPhone mwaka 2007, kidole kilizoea kuteremsha, na wasanifu wengi wa tovuti wakaacha kukata kurasa. Desemba 2012 gazeti la New York Times lilitoa “Snow Fall”, masimulizi ya John Branch juu ya maporomoko ya theluji katika jimbo la Washington, Marekani. Yalikuwa marefu, yenye sehemu sita, msomaji akiteremka kati ya maneno na picha. Lakini yalikuwa na mwisho, na mwaka 2013 yakapata tuzo ya Pulitzer.

Jambo jingine ni lile alilolibuni Aza Raskin mwaka 2006: ukurasa unaojiongeza wenyewe kila msomaji akaribiapo chini. Mwaka 2018 mbunifu huyo alikiri hadharani kwamba jambo hilo linamtia hatiani moyoni.

Mtetezi atasema: hakuna aliyefungwa kamba, aliyechoka na aizime simu. Hoja hiyo ina uzito. Tena kurasa za zamani nazo hazikuwa safi, maana tovuti nyingi zilikata makala vipande vipande ili kila kubonyeza kuhesabiwe mbele ya watangazaji biashara. Hata hivyo, hiari nayo huhitaji kizingiti. Ni vigumu mtu kuamua katikati ya mkondo; huamua afikapo mahali pa kusita. Ukurasa unapokwisha humwuliza msomaji: waendelea? Aliyeliondoa swali hilo hakumlazimisha mtu kusema ndiyo, ila amejibu kwa niaba yake.

Basi kosa si urefu. Utenzi wa beti elfu moja haumdhulumu msikilizaji, kwani mtungaji amekwisha kuamua pa kunyamaza. Anayeweka mwisho hukiri kwamba msomaji ana mambo mengine duniani: sala inayoadhiniwa, chungu kilichoko mekoni, mtoto anayengoja kusikilizwa. Asiyeuweka amekadiria kwamba hayo yote yaweza kungoja, na hakumwuliza mwenyewe.