Msumeno wa Kale na Amana ya Fundi

Wako watu katika Marekani, Canada na nchi za Ulaya ambao hutumia jioni zao kufufua misumeno ya mnyororo iliyotengenezwa kabla wenyewe hawajazaliwa. Kwa hesabu ya fedha kazi hii haina faida. Msumeno mpya hununuliwa dukani asubuhi ukaangusha mti mchana, na uzito wake aghalabu ni kama nusu ya ule wa kale. Mwenye kufufua hutumia miezi. Pengine hulipa kwa kipuri kimoja zaidi ya alivyolipa kwa msumeno mzima. Na mwisho wa taabu yake hupata chombo kizito, chenye kelele na moshi mwingi. Hata hivyo si haki kuwacheka. Ndani ya kazi yao limo swali ambalo wanafalsafa wamelishika kwa karne nyingi bila ya kulimaliza: chombo kilichobadilishwa viungo vyake, je, ni kilekile? Na nyuma ya swali hilo limejificha lingine, lisilo na sifa kubwa vitabuni lakini zito zaidi: fundi aliyekibadilisha anadaiwa nini, na nani?

Uchukuliwe mfano wa msumeno wa McCulloch uitwao 3-25, uliotolewa mwaka 1949. Uzito wake ulikuwa ratili 25, yaani kilo 11 na ushei. Uzito huo leo waonekana mkubwa, lakini misumeno mingi iliyoutangulia ilikuwa mizigo ya watu wawili, mmoja akishika injini na mwenziwe akishika ncha ya ubapa unaoongoza mnyororo. Huu ulichukuliwa na mtu mmoja akaingia nao msituni peke yake.

Misumeno ya miaka ile haifi mara moja, bali hufa kiungo kwa kiungo, na viungo vilaini ndivyo vinavyotangulia. Silinda na pistoni, kama hazikukosa mafuta, huweza kungoja miaka 70 zikaamka nzima. Kabureta haina subira hiyo. Ndani yake mna kiwambo, utando mwembamba unaopanda na kushuka kwa mapigo ya injini na kuvuta petroli; kwa ajili yake msumeno hufanya kazi hata ukilazwa ubavu au ukipinduliwa. Kiwambo kikikauka huwa kigumu kama karatasi, wala hakivuti tena. Chini ya gurudumu zito la injini mna vidomo viwili vya madini vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane kwenye plagi. Unyevu wa ghala huvifunika kwa kutu na cheche hupotea. Kisha ziko pete za mpira zinazouzunguka mhimili wa injini na kuzuia hewa isiingie. Hizo ndizo zidanganyazo zaidi. Zikipasuka, injini hunyonya hewa isiyotakiwa, na kwa kuwa mafuta ya kulainisha huja pamoja na petroli, petroli ikipungua na ulainisho hupungua. Fundi mwenye haraka hutia mafuta, huvuta kamba, hufurahia ngurumo, na baada ya dakika chache huwa ameiunguza pistoni iliyosalimika tangu siku za babu yake.

Kwa hiyo vipuri hutafutwa, na kutafuta huko ndiko nusu kubwa ya kazi. Kampuni ya McCulloch ilifilisika mwaka 1999, na jina lake likaja kuwa mali ya Husqvarna ya Uswidi. Jina lilibaki, viungo vya mwaka 1949 havikubaki pamoja nalo. Mtafutaji huandikia maduka ya zamani ya vijijini, yale ambayo mwenyewe alikufa na rafu hazikuguswa, na mara nyingine hupata kipuri kipya ndani ya boksi lake la asili. Hapo hujiona tajiri. Kama ni gia au ringi ya pistoni, kweli ametajirika. Kama ni kiwambo au pete ya mpira, yamkini amenunua jina tu, kwa maana mpira huzeeka hata usipotumika, na kiwambo kilichokaa rafuni miaka 60 ni kikongwe sawa na kile kilichokaa injini. Hata mnyororo una shida yake. Mingi ya misumeno ile ilitaka mnyororo wenye hatua ya nusu inchi, ilhali madukani leo umeenea ule wa thumni tatu za inchi. Basi ama mnyororo wa kale usakwe, ama gurudumu la meno linalouzungusha libadilishwe.

Njia inayobaki ni kuchinja. Fundi hununua misumeno miwili au mitatu mibovu, na kwa viungo vya yote huunda mmoja mzima.

Plutarch amesimulia kwamba watu wa Athene walihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, yenye makasia 30, wakiondoa mbao zilizooza na kutia nyingine imara mahali pake, hata wenye hekima wakagawanyika: wengine walisema ni ileile, wengine walisema siyo. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki huenda asione ajabu. Jahazi hubadilishwa mbao mwaka baada ya mwaka, na hakuna nahodha aliyelipa jina jipya kwa sababu ya ubao mpya. Lakini Thomas Hobbes, Mwingereza, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, alilitia swali hili makali. Alisema, tuseme mtu aliziokota zile mbao kuukuu zote, akaziunga upya kwa mpango wake wa kwanza. Sasa ziko merikebu mbili. Ipi ni ya Theseus?

Waliosoma swali hili madarasani hudhani ni mchezo wa akili. Katika karakana ya misumeno ni jambo la kila juma. Fundi aliyechinja mitatu akapata mmoja anao mbele yake ubavu wenye namba ya msumeno wa kwanza, silinda ya wa pili, kabureta ya wa tatu, na juu ya meza mabaki ambayo mwenziwe wa mji mwingine aweza kuyanunua akaunda mwingine.

Historia imetoa mfano mkubwa zaidi, na la kushangaza ni kwamba aliyeutoa ni Robert McCulloch mwenyewe, mwenye misumeno hiyo. Katika miaka ya 1960 alianzisha mji wa Lake Havasu City katika jangwa la Arizona, akahamishia huko sehemu ya kazi yake ya kutengeneza misumeno. Mwaka 1968 alinunua daraja la London lililofunguliwa mwaka 1831, kwa dola 2,460,000. Mawe yalitiwa namba, yakavushwa bahari, na mwaka 1971 daraja likafunguliwa Arizona. Walakini kilichosimama pale ni umbo jipya la zege na chuma, na mawe ya London yamelivika kwa nje kama kanzu. Je, hilo ni daraja la London? Watalii waliokwenda kulitazama walilipa nauli kwa kuamini kuwa ndilo. Wala hawakudanganywa, maana habari ya zege haikufichwa. Jambo hili dogo la kutofichwa lina uzito kuliko mawe yote.

John Locke, katika toleo la 1694 la kitabu chake juu ya akili ya mwanadamu, alifundisha kwamba mashine si kitu ila viungo vilivyopangwa kwa ajili ya kazi fulani. Kwa maneno mengine, tusiulize kwanza kuhusu chuma. Tuulize kuhusu kazi. Hapa wakata miti wako upande wake. Kabla ya mwaka 1947 minyororo ilikuwa na meno ya kuparuza, yenye kudai muda mrefu wa kunoa. Joseph Cox wa Oregon alipomtazama funza wa mdudu akila gogo, akikata kwa pande mbili, kushoto na kulia, alibuni mnyororo mwingine kwa mfano wa taya zake, akauza wa kwanza mwaka huo wa 1947. Wenye misumeno ya zamani waliufunga na kurudi msituni. Yamkini hakuna aliyekesha akijiuliza kama msumeno wake ulikuwa umekuwa mwingine.

Jibu la Locke ni zuri, lakini halitoshi. Kama kazi ndiyo yote, basi msumeno unaowekwa kabatini na kupanguswa vumbi Jumapili si msumeno tena. Na kama kazi ndiyo yote, muuzaji aliyetia pistoni ya kampuni nyingine hana haja ya kusema, madhali unakata. Hapo moyo hukataa. Mnunuzi aliyeambiwa kuwa kila kiungo ni cha asili, kisha akafungua akakuta kingine, amedhulumiwa hata kama mti ulianguka vizuri. Alichonunua hakikuwa ukataji peke yake. Alinunua pia ushahidi wa jinsi watu wa wakati fulani walivyofikiri na kufanya kazi, na ushahidi huo umetiwa uongo.

Ndiyo maana swali la umoja wa chombo haliwezi kujibiwa kwa kukitazama chombo. Chuma hakijui kama ni kilekile. Jibu linakaa kati ya watu: kati ya fundi na mnunuzi, na kati ya fundi na yule atakayekifungua miaka 50 ijayo, akisoma katika viungo vyake kama asomavyo barua. Fundi aliyebadilisha vidomo vya cheche kwa kifaa cha kisasa, akaandika hivyo kwenye karatasi na kuifunga pamoja na msumeno, hakupoteza chochote. Aliyeacha kila kitu cha asili ila kimoja, akanyamaza juu ya hicho kimoja, ameharibu vyote, kwa kuwa sasa hakuna hata kimoja kinachoaminika.

Iko dhima nyingine ambayo wapenzi wa asili hawapendi itajwe. Misumeno ya miaka ile haina breki ya mnyororo, ambayo ilianza kuenea katika miaka ya 1970. Ncha ya ubapa ikigusa gogo kwa bahati mbaya, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa aushikaye, na mnyororo huendelea kuzunguka. Tena mtetemo wa mashine zile, zisizokuwa na mipira ya kuupunguza, uliwaachia wakata miti wengi vidole vyeupe visivyo na hisia, ugonjwa uliochunguzwa sana tangu miaka ya 1960. Anayeufufua msumeno kwa uaminifu kamili anafufua na hatari yake, na hatari hiyo nayo ni ya asili.

Wengine husema kuongeza breki ni kuuharibu msumeno. Hao wanautetea msumeno dhidi ya mkono wa mtu, na hoja yao hukubalika mahali pamoja tu: pale ambapo msumeno hautawashwa tena. Utakapokwenda msituni, na hasa utakapokopeshwa kijana ambaye hajawahi kushika usio na breki, uaminifu kwa mwaka 1949 hauna haki mbele ya uso wa kijana huyo. Mafundi wengine, wakiona hakuna breki inayoweza kufungwa bila kutoboa ubavu wa magnesi, huuacha kama ulivyo, huuwasha mara moja mbele ya mgeni ili asikie mlio wake, kisha huondoa mnyororo na kuutundika msumarini mbali na injini.