Kungoja Si Kukaa Bure

Wako wasemao, "Bwana yu karibu kuja; ya nini kulima?" Neno hili si geni. Huko Thesalonike Wakristo walifadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na wengine wao waliacha kazi, wakala chakula cha wenzao. Paulo hakuwaondolea tumaini lao; aliwarudisha kazini. Yeye mwenyewe, fundi wa mahema, alifanya kazi kwao usiku na mchana, asimlemee mtu.

Mtumishi amngojaye bwana wake hufagia nyumba na kuwasha taa. Nasi yatupasa kulipa deni kabla ya kudaiwa, kupima nafaka kwa kibaba kilichojaa, na kumlimia mjane shamba lake. Tungoje hivyo, tusikutwe tumelala.