Asiye na Sumu Ana Kosa Gani?

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Usemi huu una hekima ya tahadhari, lakini ukigeuzwa kuwa hukumu huzaa dhuluma. Natuupime kwa kiumbe mmoja wa Bahari ya Karibi.

Katika Visiwa vya Virgin na upande wa mashariki wa Puerto Rico yuko nyoka wa mitini, wa jamii ya bowa. Urefu wake hukaribia mita moja. Rangi yake ni ya kahawia yenye mabaka meusi. Sumu hana. Mchana hujificha, usiku hunyapa juu ya matawi membamba akitafuta mijusi waliolala, akawakamata na kuwazonga. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai. Huko hakuna swila wala moma wa kufananishwa naye, na bado wengi wamemuua kwa kumwogopa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi humsamehe, maana uchungu ameuonja. Asiyeumwa kamwe je? Huyo haogopi alichokiona, aogopa alichosimuliwa. Hofu ya kurithi haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza kabla ya kuinua fimbo.

Swali zito zaidi lamhusu panya. Panya weusi waliletwa visiwani na merikebu za Wazungu, na nyoka huyu hustawi zaidi pale wasipokuwapo. Mwaka 1970 Marekani ilimtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Baadaye, katika kisiwa kidogo kiitwacho Cayo Ratones, ambacho jina lake kwa Kihispania lataja panya, panya waliangamizwa, na kuanzia mwaka 1993 wakaachiliwa nyoka waliozaliwa kizuizini. Wakaongezeka.

Nyoka alipata makazi. Lakini panya hakuomba kupakiwa merikebuni. Sisemi kuwaangamiza kulikuwa kosa: aliyeharibu hana budi kutengeneza, hata kama matengenezo yana uchungu. Nasema tu kwamba kosa lilikuwa la wanadamu na deni likalipwa na panya. Basi tusijivunie uadilifu.

Kutengeneza kilichoharibika kwaweza kudai damu. Kumwacha asiye na dhara apite zake hakudai damu ya yeyote. Haki hiyo nyepesi ikitushinda, ile nzito tutaiwezaje?