Ukweli wa Sauti Iliyosahihishwa

Gitaa la umeme lina sauti ndogo mno likiachwa peke yake. Chini ya nyuzi zake za chuma hukaa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi utikisikapo, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule. Atakaye kurekodi huupeleka umeme huo katika kisanduku kilicho kati ya gitaa na kompyuta. Kisanduku huupima mara 44,100 au zaidi kwa kila sekunde, na kila kipimo huwa namba. Toka hapo muziki umekuwa hesabu, na hesabu hukubali kusahihishwa. Sauti iliyochelewa hurudishwa mahali pake. Iliyokosewa hukatwa, ikatiwa nyingine. Hata rangi ya sauti huweza kuchaguliwa wakati mpigaji amekwisha kwenda kulala.

Basi swali huzuka: kazi iliyosahihishwa hivyo ni kweli au ni uongo?

Wako wasemao ni uongo, kwa kuwa sikio husikia umahiri ambao mkono haukuwa nao. Lakini hoja hii ikishikwa mpaka mwisho itawahukumu wengi. Mwaka 1948 Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, alitoa wimbo wa "Lover" wenye sehemu nane za gitaa, zote alizipiga mwenyewe, moja juu ya nyingine. Hapana mtu mwenye mikono kumi na sita. Hata hivyo hapana msikilizaji aliyedhulumiwa, maana hakuahidiwa mikono, aliahidiwa wimbo. Mshairi naye hufuta ubeti akaandika mwingine, na msomaji hadai kuonyeshwa karatasi zilizotupwa.

Uongo, basi, huingia kwa mlango wa ahadi. Rekodi itolewayo kama wimbo huahidi uzuri. Itolewayo kama ushahidi huahidi mkono. Kijana apelekaye rekodi kwa bendi inayotafuta mpiga gitaa, akiisahihisha kwa siri, huchukua nafasi ya mwenzake aliye hodari kweli. Mwalimu afanyaye vivyo hivyo humwacha mwanafunzi ajilaumu kwa kushindwa jambo ambalo hata mwalimu hakuliweza.

Iko hasara ya pili, nayo humwangukia mwenye kusahihisha. Bendi ya dansi ilipopiga pamoja mbele ya maikrofoni, kosa la mmoja liliweza kuwarudisha wote mwanzo, na aibu ikawa mwalimu mkali. Programu haina uso wa kukunja. Akimbiliaye kusahihisha kabla ya kujaribu tena hupata wimbo mzuri leo na mkono dhaifu kesho. Msikilizaji hawezi kumdai mazoezi hayo; ni deni la fundi kwa mkono wake mwenyewe.

Mashine haisemi kweli wala uongo. Kazi yake ni kuhesabu. Kweli humngoja mpigaji siku atakapoulizwa: "Mkono wako waweza hili?"