Bilauri za Alinacha

Mtu anapokaa akitazama mbele bila ya kuona kilichopo, na midomo yake ikakaribia kutabasamu kwa neno ambalo hapana mwingine aliyelisikia, sisi Waswahili humwambia kuwa anaota ndoto za Alinacha. Na msemo huo, ambao wengi wetu tuliupokea utotoni kwa mama au kwa mwalimu pamoja na sauti ya karipio iliyokuwa ndani yake, umezoeleka hata msemaji hana haja tena ya kujua Alinacha alikuwa nani, wala alikuwa ameketi wapi, wala ni kitu gani kilichokuwa mbele ya miguu yake siku alipoota. Jina limebaki na mwenye jina ametoweka. Nami naona kuwa katika kutoweka kwake tumedhulumiwa sote, yeye na sisi, kwa sababu hukumu tunayoipitisha kwa jina lake ni nyepesi kuliko kisa chake.

Alikuwa ndugu wa tano wa kinyozi mmoja wa Baghdad, katika hekaya za Alfu Lela Ulela. Baba yao alipofariki aliacha dirhamu 700, na watoto walikuwa saba, kwa hiyo kila mmoja akapata 100. Alinacha, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiomba jioni ili apate cha kula kesho yake, hakuwa amepata kushika fedha nyingi kiasi hicho. Akazitia zote katika bilauri na chupa na vyombo vingine vya kioo, akavipanga ndani ya kapu, akaketi nalo mbele yake, mgongo ameuegemeza ukutani, akingoja wanunuzi. Wanunuzi hawakuja upesi. Ningependa msomaji asiipite haraka saa hiyo ya kungoja, maana aghalabu ndoto ya mchana haimjii mtu aliye katikati ya kazi inayomtaka mzima mzima, wala haimjii aliyestarehe kweli. Humjia yule ambaye mikono yake imefungwa na wajibu na akili yake haikupewa kitu cha kushika.

Hesabu aliyoianza ilikuwa njema. Dirhamu 100 zikizaa 200, na 200 zikirudi sokoni zikawa 400, basi si muhali kwa mtu mvumilivu kufikia 4,000, na baadaye kuachana na vioo, kuingia katika biashara ya johari na kufikia 100,000; na mwenye 100,000 ana nyumba na watumwa na farasi, na mwenye hayo yote haoni haya kupeleka posa kwa waziri mkuu. Mpaka hapo sioni tofauti kati yake na mfanyabiashara yeyote aliyepata kukopa mtaji kwa kutumaini faida. Lakini alipofika katika chumba cha arusi hesabu ilikoma, na kitu kingine kikashika mahali pake. Alijiona ameketi juu ya takia, uso ameugeuza kando. Bibi arusi amesimama mbele yake kwa mapambo yake yote, naye hamtazami. Wajakazi wanambembeleza, naye hajibu. Mama wa binti anamsihi kwa unyenyekevu, naye ni kama asiyesikia. Mwisho binti mwenyewe anapiga magoti, kikombe mkononi, machozi yanamlengalenga, anamwomba anywe japo funda moja. Na yeye, ili ukubwa wake ukamilike, anamsukuma kwa mguu. Mguu wa ndotoni ndio uliokuwa mguu wa mwilini. Kapu likaruka, na bilauri zote zikavunjika njiani.

Walimu wetu walikomea hapo, wakatuonya tusihesabu mali isiyo mkononi. Onyo hilo ni la haki, nami silipingi. Ila naona limepita mbele ya jambo kubwa zaidi bila ya kulitazama. Mtu huyu alikuwa ombaomba, na alipojaliwa kuwa na chochote atakacho, kwa kuwa katika ndoto hapana bei, hakukawia kwenye chakula wala kwenye kitanda laini. Alikawia kwenye uso uliogeuzwa. Sehemu hiyo ndiyo aliyoipamba kwa utaratibu, akaiongezea watu wa kusihi mmoja baada ya mmoja, akaipa muda. Ombaomba ameyajulia wapi mambo ya namna hii? Ameyajulia milangoni. Miaka yote alisimama kwa unyonge, mkono ameunyoosha, mbele ya mtu ambaye hakumtazama. Anajua kwa hakika, kuliko waziri yeyote, jinsi dharau inavyopimwa na muda gani ikae ili iume. Katika ndoto yake hakuumba kitu kipya hata kimoja. Aliichukua dhila aliyoizoea, akabadilisha mahali pa kukaa tu, yeye akapanda juu ya takia na mwingine akashuka magotini. Hata kikombe kilichokuwa mkononi mwa binti yule hakikutoka mbali. Kilikuwa yapata hatua moja kutoka ukutani, kimepangwa kapuni na wenzake.

Hili ndilo ninalotaka kulisema juu ya ndoto za mchana katika hadithi, na sikulipata vitabuni peke yake. Nilipata kumtazama fundi mmoja wa cherehani, kibarazani, mchana wa jua kali ambapo njia ilikuwa haina mtu. Alikuwa akishona kanzu ya arusi ya mtu mwingine. Miguu yake ilikoma kukanyaga, gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likatulia; sindano ilikuwa imezama katika kitambaa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya tarizi ya shingoni, vidole vikiipapasa polepole. Alikaa hivyo kitambo cha kutosha mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Nilipomuuliza amekwenda wapi, alinitazama kwa upole, akasema, “Nilikuwa naivaa, bwana.” Kisha akakanyaga.

Watu husema kwamba mwenye kuota ameikimbia dunia yake. Fundi yule hakwenda mbali zaidi ya upana wa nguo iliyokuwa mapajani mwake. James Thurber wa Marekani alilijua jambo hili vizuri alipochapa, mwaka 1939, kisa chake kifupi cha Walter Mitty, mume mnyamavu anayempeleka mkewe mjini kwa motokaa na kutumwa vitu viwili dukani. Njiani anakuwa jemadari wa chombo cha vita, kisha tabibu bingwa, kisha mshitakiwa jasiri mbele ya mahakama. Na wasomaji hucheka kwa umbali uliopo kati ya jemadari na mtu anayenunua viatu vya mvua. Lakini mlio wa injini ya motokaa yake ndio unaosikika katika ndoto zake kadhaa, mara kama mitambo ya chombo, mara kama kifaa cha hospitali. Na la ajabu zaidi, kile kitu cha pili alichotumwa na mkewe, ambacho amekisahau na kukitafuta bure katika kumbukumbu yake, anakipata ndani ya ndoto: katika ghadhabu yake ya mahakamani anamwita mwendesha mashitaka mbwa, na papo hapo anakumbuka kwamba alitumwa biskuti za mbwa. Njozi aliyoingia ili amsahau mkewe na maagizo yake ndiyo iliyomletea agizo.

Aliyeandika juu ya hali hii kwa kina kuliko wote ninaowajua ni Gustave Flaubert, ambaye kwa ajili ya riwaya yake ya Madame Bovary alishitakiwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1857, akaachiliwa. Emma, binti wa mkulima aliyesomeshwa kwa watawa, anaolewa na tabibu mdogo wa vijijini, mtu mwema, mchovu, ambaye mazungumzo yake hayana kona wala kilima. Usiku mmoja tu katika maisha yake anaalikwa kwenye dansi ya watu wa daraja ya juu. Asubuhi, katika safari ya kurudi, mumewe anaokota njiani kibweta cha sigara kilichopambwa kwa hariri ya kijani. Na kibweta hicho Emma anakificha kabatini, katikati ya nguo, na mumewe akiwa hayupo hukitoa, hukifungua, akanusa kitambaa cha ndani. Kisha ananunua ramani ya Paris. Ananitia huzuni kila ninapomwona katika ukurasa ule: mwanamke kijana, mlango umefungwa, ananyoosha kidole juu ya karatasi na kwenda matembezi mjini, akipanda barabara hii na kushuka ile, akisimama kwenye kila pembe ya njia, mbele ya viraba vyeupe vinavyokaa mahali pa nyumba.

Tazama ni kitu gani alichokuwa nacho cha kuotea. Alikuwa na riwaya za mapenzi zilizoletwa kwa siri na mshonaji mzee aliyekuja kufanya kazi kwa watawa wakati yeye ni msichana. Alikuwa na usiku mmoja wa taa na muziki. Alikuwa na harufu ya kibweta kisicho chake. Kwa vitu hivyo vichache alilazimika kujenga mapenzi, na heshima, na maana ya kuwa hai. Si ajabu kwamba jengo lilitoka na umbo la duka, kwa maana karibu kila alichopata kuonyeshwa kuwa ni uzuri kilikuwa kitu cha kununuliwa. Kijijini mwao alikuwepo mfanyabiashara wa nguo, Lheureux, ambaye hakupata kusoma riwaya zile wala hakuwa na haja nazo, lakini aliuona mlango huu na akauingia kwa mkopo: leo skafu, kesho pazia, kesho kutwa hati ya deni juu ya hati ya deni, mpaka siku ilipofika amri ya kulipa faranga 8,000, vyombo vya nyumba vikaandikwa kimoja kimoja, na Emma akala sumu. Wanaosema ameuawa na ndoto kwa sababu zilikuwa mbali mno na maisha, mimi naona wamekosea upande. Zilikuwa karibu mno. Zilitoka katika soko lile lile lililomzunguka, na kwa hivyo mwenye duka aliweza kuzipima kwa dhiraa.

Mama mkwe wa Emma alidhani dawa ni kumkatia riwaya. Miaka mia mbili na nusu kabla yake, katika kitabu cha Cervantes cha mwaka 1605, kasisi na kinyozi walikwisha jaribu tiba hiyo hiyo kwa Don Quixote, mzee aliyepotelea katika riwaya zake. Walichoma vitabu vyake, wakaziba kwa ukuta mlango wa chumba alimoviweka, na alipopona maradhi yake alitoka kwenda safari ya pili. Mtu huwa na tamaa ya kupambana na ndoto kwa sababu ndoto inaonekana, ilhali siku tupu iliyoizaa haionekani, imetandazwa nyumba nzima kama vumbi. Aliyefunga chumba cha vitabu hakumuuliza yule mzee maisha yake ya kila siku yamempa nini cha kufanya kwa moyo kama ule.

Sisemi kwamba ndoto haina hatia. Alinacha alipokaa juu ya takia hakukumbuka kuwarehemu waliosimama mlangoni, ijapokuwa yeye zaidi ya wote alijua uchungu wake; alitaka tu zamu yake. Hapo pana msiba mkubwa kuliko kuvunjika kwa vioo. Mnyonge akiota, humuota mwenye nguvu kama alivyomjua, na hapana aliyemwonyesha mwenye nguvu wa namna nyingine. Na kama ndoto ni kimbilio, basi ni kimbilio ambalo mkimbizi amejenga kwa mawe ya gereza lake, kwa kuwa hakupewa mawe mengine. Nani angempa? Nadhani hiyo ni mojawapo ya kazi za hadithi, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaoziweka hadithi na ndoto za uvivu katika kapu moja. Emma hakusoma mno. Alisoma vichache, na vya aina moja, wala hakukutana na kitabu ambamo angemwona mwanamke kama yeye amesimama kwenye dirisha kama lake, akatambua kwamba si yeye peke yake. Kitabu hicho ni kile ambacho yeye ndiye aliyekuwa ndani yake.

Wala tusisahau ni nani anayesimulia kisa cha Alinacha. Kinyozi anakisimulia, lakini nyuma ya kinyozi yupo Shahrazadi, mwanamke aliyeolewa na mfalme anayeua wake zake asubuhi, asiye na silaha wala mtetezi, ambaye kila usiku anazua watu wasiokuwapo ili apate kuliona jua. Kwake yeye mambo yasiyokuwapo ndiyo yaliyoshika shingo yake mahali pake. Na mfalme, aliyekuwa na kila alichokiota Alinacha, alikaa macho usiku kucha kusikiliza habari za maskini mwenye kapu.

Kisa chenyewe hakikuishia kwenye vioo, ingawa msemo wetu umeishia hapo. Antoine Galland, aliyeanza kuzitoa hekaya hizi kwa Kifaransa mwaka 1704, anasimulia kuwa jirani wa Alinacha alikuwa mshonaji wa nguo, na kwamba alisikia maneno yote ya ndoto ile kwa sababu mwotaji aliyasema kwa sauti. Kapu lilipopinduka mshonaji alicheka sana, akamkejeli kwa ukatili wake kwa binti wa waziri. Alinacha alizinduka, akaona mali yake ilivyo, akajipiga usoni na kulia. Ilikuwa ni Ijumaa, watu wanakwenda kusali, wakaanza kusimama. Bibi mmoja mtukufu akapita juu ya nyumbu, akasikia kilio, akauliza mtu yule ana nini. Walimjibu kwamba ni maskini aliyetia fedha yake yote katika kapu la bilauri, na kapu limeanguka. Habari ya ndoto hapana aliyemtajia. Bibi akamgeukia mtumishi wake, akamwamuru ampe mtu yule mfuko aliokuwa nao, na ndani yake mlikuwa na dinari 500.